Hamu ya Ng'ambo Siyo Kasumba: Majiji ya Mbali katika Fasihi Yetu

Utangulizi

Katika semina zetu za fasihi liko neno moja linalotumikishwa kupita kiasi. Neno lenyewe ni kasumba. Mhusika akivaa tai, ana kasumba. Akichanganya Kiingereza katika mazungumzo, ana kasumba. Na akithubutu kusema kwamba angependa kuiona London au Paris kabla hajafa, basi mjadala umekwisha: huyo kasumba imemjaa, ni mhusika aliyepotoka, tuendelee na swali la pili. Mhadhiri akidai ushahidi, tunamsomea ukurasa ambao mhusika anasifu taa za barabarani.

Makala hii inapinga hukumu hiyo ya haraka. Kasumba ipo, wala sibishi. Waandishi wetu wa miaka ya 1970 waliifichua vizuri, na walikuwa na sababu. Hoja yangu ni kwamba hamu ya kuliona jiji la mbali ina umri mkubwa kuliko ukoloni, na kwamba ndani yake mna jambo ambalo fasihi yetu imelisema kwa zaidi ya miaka 100 huku sisi wahakiki tukiwa tumeziba masikio. Jambo lenyewe ni hili: mtu anaposifu jiji la ng'ambo, mara nyingi anaushtaki mji wa kwao. Ukitaka kujua Kahama ina upungufu gani, wasikilize vijana wa Kahama wanavyoisifu Toronto.

Ili tusielee hewani, nitazipima kazi chache kwa maswali matatu. La kwanza: nani kalipa nauli? La pili: jiji limempa msafiri kitu gani alichokikosa kwao? La tatu: wenyeji wa jiji wanamwona msafiri kuwa nani? Ni maswali ya kawaida, hata muuza vitumbua wa stendi anaweza kuyauliza. Lakini tutaona kwamba yanafika mahali ambapo neno kasumba halifiki.

Kabla ya Ulaya palikuwa na pwani

Nianze na kwetu. Kahama iko katika eneo pana la Unyamwezi na Usukuma, na watu wa huku walikuwa wasafiri kabla ya Mjerumani kuweka bendera. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi ilishuka pwani na pembe za ndovu, kila mpagazi akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi begani, kwa safari ya miezi miwili mpaka mitatu. Wazungu waliopita huku katika karne hiyo waliandika kwamba kijana wa Kinyamwezi alikuwa hahesabiwi kuwa mwanamume kamili mpaka awe ameiona bahari.

Sasa tujiulize: kijana yule kasumba aliitoa wapi? Mkoloni hajafika, shule haijajengwa, Biblia haijafasiriwa. Hata hivyo analala akiota Bagamoyo na Unguja. Majiji hayo ndiyo yalikuwa ng'ambo yake, na yalimvuta kwa mambo yanayoeleweka. Huko ndiko zilikokuwa nguo, shanga, chumvi na baruti. Huko ndiko ilikokuwa merikani, ile nguo iliyoitwa hivyo kwa sababu ilifumwa Marekani, kiasi kwamba Mnyamwezi alivaa jina la nchi ya mbali kabla hajaisikia habari yake. Na zaidi ya bidhaa, huko ndiko ilikopatikana heshima. Aliyerudi alikuwa na maneno. Aliyebaki alikuwa msikilizaji.

Tumuulize maswali yetu matatu. Nauli aliilipa mwenyewe, kwa bega lake. Jiji lilimpa nguo, pamoja na cheo ambacho kijijini asingekipata kwa kukaa tu. Wenyeji wa pwani walimwona mtu wa bara, mshenzi kwa lugha yao ya siku zile, lakini mshenzi ambaye bila bega lake biashara yao ingelala. Hamu yake, basi, ilikuwa na akili. Alijua anachokifuata na alijua bei yake.

Hata lugha yenyewe inatuonya tusigawe dunia haraka haraka kati ya kwetu na kwao. Neno Ulaya na neno wilaya ni ndugu wa tumbo moja; yote mawili yametokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mamlaka au eneo linalotawaliwa, moja likazungukia Uhindi kabla ya kufika kwetu. Kwa hiyo mtu wa Wilaya ya Kahama anayeota Ulaya, kwa asili ya maneno, anaota kutoka katika mamlaka moja kwenda nyingine. Ni mzaha wa historia, lakini ni mzaha wenye maana: ng'ambo tunakoota ni mahali ambapo tunaamini mamlaka yanafanya kazi yake.

Salim Urusi, Siti Bombay

Tuingie katika maandishi. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Ujerumani kitabu kiitwacho Safari za Wasuaheli. Ndani yake mna habari ya Salim bin Abakari, aliyesafiri mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa bwana wake wa Kijerumani, Bumiller. Baadhi yetu huisoma kazi hii kama mfano wa Kiswahili cha kale tu, tunahesabu viambishi tunaondoka. Lakini hebu tuisome kama fasihi. Hapa Mswahili anafika St. Petersburg na Moscow, anatazama, halafu anaandika kwa lugha yake. Miaka yote ile Mzungu ndiye aliyekuwa akiandika "desturi za wenyeji". Sasa wenyeji wanaoandikwa ni Warusi. Wanamshangaa kwa rangi yake, naye anawashangaa kwa mambo yao. Na sehemu inayomgusa sana msomaji ni pale anapokutana na Waislamu wenzake katika nchi ile ya mbali. Katika nchi ya baridi, ambako hana ndugu wala lugha, anakuta watu wa dini yake.

Nani kalipa nauli? Bwana. Salim hakuchagua Urusi. Urusi ilichaguliwa, yeye akabeba mizigo. Hata kitabu chenyewe kilichapwa kwa ajili ya Wajerumani waliotaka kukijua Kiswahili. Hili lazima tuliseme wazi, maana linaeleza upole wa msimulizi mbele ya wakubwa wake. Lakini jiji limempa nini? Limempa nafasi ya kuwa mtazamaji, ambayo katika koloni hakuwa nayo. Kule nyumbani yeye ndiye aliyetazamwa. Mimi nadhani hapo ndipo utamu wa matini ile ulipo, na neno kasumba haliugusi kabisa.

Mfano wa pili ni wa Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo wa watu wa chini, akauza vyungu kwa kutembeza kabla hajajulikana kwa sauti yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, ambayo leo ni Mumbai, kurekodi nyimbo katika santuri. Nyimbo zilikuwa za Kiswahili. Sahani zikarudi Afrika Mashariki, na sauti ya mwanamke wa Fumba ikasikika katika nyumba ambazo yeye mwenyewe asingekaribishwa sebuleni.

Angalia tofauti. Nauli ya Siti ililipwa na kampuni ya santuri, lakini ililipwa kwa sababu ya koo lake. Bombay ilimpa mashine, kitu ambacho Unguja haikuwa nacho. Na ilimwona kuwa nani? Msanii aliyeitwa kazini. Yule ambaye kwao walimkumbusha vyungu na ukoo, ng'ambo walimwekea kipaza sauti. Hapo jiji la mbali linautukana mji wa nyumbani bila kusema neno: ninyi mmekuwa naye miaka yote hii, mbona hamkumsikia? Tangu niusome wasifu ule nimeacha kuamini kwamba kila safari ya ng'ambo katika fasihi yetu ni safari ya kujidharau. Siti alikwenda na lugha yake, akarudi nayo.

Venice ya Mwalimu

Liko jiji moja la ng'ambo ambalo wanafunzi wengi wa Kiswahili tumelitembelea bila pasipoti. Ni Venice, kwa mlango wa Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Kwanza tutazame jina. Mwalimu angeweza kuandika wafanyabiashara, akaandika mabepari, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anaingia Venice akiwa ameshaambiwa mlangoni kwamba hili ni jiji la watu wa namna gani.

Lakini tamthilia yenyewe ni pana kuliko jina lake. Venice ya Shakespeare inavutia kwa nini? Maji na madaraja hayana nafasi kubwa katika mchezo ule. Inavutia kwa sheria. Antonio, akiwa amefungwa na mkataba wa ratili moja ya nyama yake, ndiye anayeeleza kwamba mtawala hawezi kuizuia sheria, kwa kuwa wageni wa mataifa yote wanafanya biashara pale kwa kuiamini. Hebu mtu wa Kahama alisikie hilo! Jiji ambalo mkubwa anashindwa kumwokoa rafiki yake kwa sababu karatasi imeshatiwa saini. Kwa mtu aliyezoea kuambiwa "njoo kesho", hiyo ni ndoto kubwa kuliko ghorofa lolote.

Halafu tamthilia inatugeuzia kibao. Mahakamani sheria ile ile inafunuliwa kuwa na kifungu kingine, kinachomhusu mgeni anayetishia uhai wa raia. Shylock, ambaye maisha yake yote ameishi pale, ghafla anaitwa mgeni. Anapoteza mali, analazimishwa kubadili dini. Kumbe mizani ilikuwa na mawe mawili. Na kule Belmont, Mwana wa Mfalme wa Morocco anapoondoka mikono mitupu, Portia anashukuru kwamba ameondokewa na mtu wa rangi ile. Swali letu la tatu, wanamwona kuwa nani, linajibiwa hapo kikatili.

Mwanamfalme huyo, tukumbuke, alilichagua sanduku la dhahabu. Alipolifungua alikuta fuvu la kichwa. Wenzangu wa Pwani huona hapo fumbo la kishairi. Sisi tuliokulia ukanda wa dhahabu, kati ya Kahama na Geita, hatuhitaji mhadhiri atufafanulie. Kila duara linaweza kuwa sanduku lile. Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangarata, wachimbaji walifukiwa na kifusi, na waliopona walitolewa baada ya siku 41 chini ya ardhi. Huku dhahabu na fuvu hukaa sanduku moja, na kila kijana anayeshuka na tochi anajua hivyo, ila njaa haijui tamthilia.

Kinshasa ya Willy Gamba

Nimesikia pia ikisemwa kwamba ndoto zote za waandishi wetu zinaelekea Ulaya. Si kweli. Kikosi cha Kisasi (1979) cha Elvis Musiba kinampeleka mpelelezi Willy Gamba Kinshasa. Riwaya za namna hii tunaziita fasihi pendwa, na neno pendwa tunalitamka kama tusi, kana kwamba kupendwa na wasomaji ni dosari. Lakini vitabu hivi viliazimwa mkono kwa mkono mpaka majalada yakatoka, na mhakiki anayejiheshimu lazima aulize kwa nini.

Nauli ya Gamba imelipwa na taifa lake. Ametumwa katika mambo yanayohusu ukombozi wa kusini mwa Afrika, si kutafuta kibarua. Anaingia jiji kubwa la Kiafrika kama mtu mwenye haki ya kuwa pale. Anakaa hotelini, anakula, anacheza muziki, anapigana, na hakuna ofisa anayemuuliza atarudi lini kwao. Jiji linamwona kuwa mwanamume wa hatari, si mwombaji. Kwa msomaji wa Tanzania hiyo ilikuwa ndoto mpya kabisa: ng'ambo ambako Mwafrika ni mwenyeji.

Sasa tuuweke wakati wake pembeni ya kitabu. Mwaka 1979 nchi ilikuwa imetoka vitani dhidi ya Idi Amin, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikaja foleni za sukari na sabuni. Msomaji wa riwaya ile alikuwa akisoma habari za meza iliyojaa huku kabati lake lina chumvi. Kinshasa ya kweli chini ya Mobutu ilikuwa na dhiki zake, na Musiba hakuwa mwanahistoria. Ila Kinshasa ya kitabu ilijengwa kwa mahitaji ya Dar es Salaam, Mwanza na Kahama. Kwa upande wetu wa magharibi ilikuwa rahisi kuiamini, kwa sababu tayari tuliisikia. OK Jazz ya Franco ilikuwa redioni, na wanamuziki kutoka Zaire walikuwa wamehamia kwetu, kama Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, aliyeingia Dar es Salaam mwaka 1978. Gitaa likishafika, jiji lililolituma si geni tena.

Sanduku la udi pale Gatwick

Mwandishi aliyeyabana maswali yetu matatu kuliko wote ni Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2021. Anaandika kwa Kiingereza, ila ulimwengu wake ni wetu, na Paradise sasa inasomeka kwa Kiswahili kama Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022. Hapa nataka kugusa By the Sea (2001).

Mzee Saleh Omar anatua uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi. Ana kisanduku cha udi wa thamani. Kiingereza anakijua, lakini ameshauriwa ajifanye hajui. Ofisa wa uhamiaji anakifungua kisanduku, ananusa, anakichukua. Tukio zima ni la dakika chache, na limebeba karne nzima. Wazanzibari kwa miaka mingi waliisoma Uingereza katika vitabu vya shule: miji, mito, wafalme. Saleh Omar anafika akiwa anaijua Uingereza kuliko Uingereza inavyomjua yeye. Naye anapokewa kwa kunyang'anywa harufu ya kwao.

Katika riwaya hiyo hiyo kijana Latif anakwenda kusoma Ujerumani ya Mashariki. Kabla ya safari alikuwa akiandikiana barua na msichana aitwaye Elleke. Anafika, anakuta Elleke hayupo. Aliyekuwa akiandika ni mwanamume, Jan. Wapo wanaocheka. Mimi naona hapo Gurnah ameeleza namna tunavyoyapata majiji yetu yote ya ndoto. Jiji huja kwa barua, kwa picha, kwa wimbo, kwa mjomba aliyerudi na sanduku la magurudumu. Tunajibizana nalo miaka mingi. Siku tunapofika tunagundua kwamba aliyekuwa akitujibu ni mwingine. Lakini sikilizeni: Jan si tapeli aliyemwibia Latif. Anakuwa rafiki. Jiji lililopo si lile lililootwa, na bado ndani yake kuna binadamu. Gurnah hasemi ndoto ilikuwa ujinga. Anasema ilikuwa barua iliyofika anwani nyingine.

Toronto inaijua Kahama

Turudi kwetu, maana hoja isiyofika nyumbani si hoja. Kahama ya leo ni manispaa, na ni mji wa watu waliokuja kutafuta. Malori ya Rwanda yanapita bandari kavu ya Isaka, vijana wa Geita na Kasulu wanashuka stendi, madalali wa dhahabu wanakaa na mizani midogo. Katika studio za picha za zamani lilikuwapo pazia lililochorwa maghorofa na ndege, nawe ulisimama mbele yake umekunja mikono, ukatoka picha ukiwa ng'ambo. Kwa vinyozi zilibandikwa picha za majiji yasiyotajwa majina. Hiyo nayo ni fasihi, tena fasihi ya umma.

Vijiweni kuna utanzu mzima wa masimulizi ambao vitabu vyetu vya fasihi simulizi haviuorodheshi: sifa za ng'ambo. Niliyoyasikia kwa miaka mingi yanafanana. Huko umeme haukatiki. Huko mgonjwa anatibiwa kwanza, hela baadaye. Huko askari akikusimamisha anakuita bwana. Huko ukifanya kazi Ijumaa unalipwa Ijumaa. Sikilizeni muundo wake: kila sentensi inaanza na "huko", na kila "huko" ina "hapa" iliyofichwa nyuma yake. Msimulizi hajawahi kufika Toronto wala Dubai. Habari anazozitoa ni za Kahama, kwa njia ambayo hakuna atakayemkamata. Babu zetu walimtumia sungura kumsema chifu. Hawa wanatumia Toronto.

Na kwa nini Toronto, badala ya London tu kama ilivyokuwa kwa wazee? Kwa sababu jina limefika na mgodi. Barrick ilianzishwa Toronto mwaka 1983, na mgodi wa Bulyanhulu, ambao siku hizo ulihesabiwa ndani ya Wilaya ya Kahama, ulifunguliwa mwaka 2001. Buzwagi, pembeni mwa mji, ulifunguliwa mwaka 2009 na uzalishaji wake ukafikia mwisho mwaka 2021. Mwaka 2010 kampuni tanzu iliyomiliki migodi hii ikaandikishwa katika soko la hisa la London, ikaitwa baadaye Acacia, mpaka Barrick ilipoinunua yote mwaka 2019. Kwa miaka mingi mchanga wenye madini, yale makinikia, ulisafirishwa kwenda kuyeyushwa ng'ambo, hadi serikali ilipozuia mwezi Machi 2017. Mchimbaji mdogo mmoja, mtu wa karasha na marudio, nilimuuliza kwa nini anataka kuiona Toronto. Akanijibu, "Si ndiko dhahabu yetu inakoishi? Nataka nikaisalimie."

Mwiteni huyo mwenye kasumba kama mnaweza! Jibu lake ni la mtu anayeujua uchumi wa dunia kuliko insha zetu nyingi. Jiji analoliota anaamini limejengwa, kwa sehemu, na ardhi anayoikanyaga. Anataka kwenda kama mdai. Na akiipima safari yake kwa maswali yetu, atakuta jambo la ajabu: nauli imeshalipwa, tena zamani, ila aliyepanda ni dhahabu, yeye akabaki kituoni.

Upande wa pili

Wanaolitetea neno kasumba wana hoja moja nzito, nami siwezi kuiruka. Ndoto ya ng'ambo inauzwa, na wako wanaoiuza kwa ulaghai. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 ilieleza habari za wasichana wa Kitanzania waliokwenda Oman na Falme za Kiarabu kufanya kazi za ndani: walinyang'anywa pasipoti, wakafanyishwa kazi saa nyingi, wengine wakanyimwa mishahara na kupigwa. Muscat, jiji ambalo Kiswahili kinasikika mitaani na wengi tuna ndugu huko, kwao lilikuwa ukuta wa jikoni. Je, si bora tuwafundishe vijana kuidharau ndoto yenyewe?

Nasema hapana, na hapa ndipo uhakiki wetu unapoweza kuleta madhara au faida. Tukimwita msichana yule mwenye kasumba, tumemhukumu yeye na kumwachia wakala. Tumesema kosa liko katika tamaa yake, wakati tamaa yake ilikuwa mshahara na paa la bati kwa mama yake. Lakini tukimfundisha kuuliza nani kalipa nauli, anamwona wakala. Akiuliza jiji litampa nini alichokosa kwao, anaiona serikali yake na kijiji chake. Akiuliza wataniona kuwa nani, anadai mkataba kabla ya kupanda ndege. Maswali yale matatu niliyoyatoa kwa Salim, kwa Siti na kwa Saleh Omar yanamfaa yeye kuliko yanavyotufaa sisi wa mtihani.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba majiji ya ng'ambo katika fasihi yetu hayafanani. Urusi ya Salim ni mahali pa kugeuka mtazamaji. Bombay ya Siti ni mahali pa kazi. Venice ni sheria yenye mawe mawili. Kinshasa ya Gamba ni heshima ya Mwafrika, na Gatwick ni mlango unaochukua udi wako. Kinachoyaunganisha ni kwamba kila moja linavutia kwa umbo la pengo lililoko nyumbani. Mhakiki anayesema "kasumba" na kufunga kitabu ameliona jiji, hajaliona pengo.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo mawili kwa wenzangu na kwa wahadhiri wetu. Kwanza, safari za Salim bin Abakari na wenzake zirudi katika somo la nathari, zisiachwe kwa wanaisimu peke yao. Pili, tukusanye sifa za ng'ambo zinazosimuliwa vijiweni, Kahama, Geita, Kariakoo na kwingineko, tuziandike kama tunavyoandika ngano na vitendawili, kabla hazijapotea. Na kama yupo kati yetu mwenye kalamu ya riwaya, kisa kipo tayari: kipande cha dhahabu kinatoka duarani, kinapita Isaka, bandarini na angani, kinafika jiji lenye taa zisizozimika. Nyuma yake anakwenda mtu wa Kahama, miguu ina vumbi, anabisha hodi. Kinachobaki kuandikwa ni nani atafungua mlango, na atamwita nani.